Nani Atashuka?

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya godoro langu, nalifunga kwa kamba, Ezati alipoingia bila kubisha hodi. Ezati ndiye kijana aliyepewa kituo changu cha Lobule baada yangu, na kosa lake mpaka leo ni hilo moja la kutobisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa swali mbele ya darasa.

"Mwalimu, shikamoo. Wanafunzi wa ubatizo wananisumbua. Pale kwenye Kanuni ya Imani tunaposema kwamba Bwana alishuka kuzimu, wanataka kujua alikwenda kufanya nini. Niwajibu nini?"

Nikamwambia gari la kunipeleka Arua linakuja mchana, watu wananisubiri kanisani kuniaga, na swali lake si la kujibiwa na mtu mwenye kamba mdomoni. Nilimwahidi kumwandikia. Ahadi ni deni, basi ndiyo haya, Ezati, na ninyi wengine mnaoanza kazi hii. Habari za posho ya katekista naziruka, kwani hazijazi sentensi. Za kupandishwa cheo hazipo. Katekista anaanza akiwa katekista na anamaliza akiwa katekista, na katikati baiskeli inachakaa.

Mimi ni mtu wa Arua, tulikaa karibu na Ombaci. Nilipomaliza mafunzo nikapelekwa Koboko, nikasafiri juu ya lori la chumvi lililokuwa linakwenda Oraba mpakani. Niliteremka Koboko mweupe kama mwanasesere wa unga. Aliyekuja kunipokea alikuwa mzee mwembamba mwenye baiskeli isiyo na breki. Huyo ndiye Mwalimu Gaspare, katekista mkuu wa upande ule, aliyenifunza kazi. Hakuniuliza safari. Aliangalia viatu vyangu vipya, akavisifu.

"Viatu vizuri. Utatamani sana kuvivua hapa."

Nikadhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Hatukwenda nyumbani wala kanisani. Tulikwenda moja kwa moja mazikoni, mimi na chumvi yangu mwilini, maana mtu alikuwa amefariki asubuhi na padri yuko mbali. Huko nikaona jinsi wanavyozika. Kaburi linachimbwa likiwa na nafasi kidogo upande wa miguu, ya mtu mmoja kusimama. Jeneza likiwa tayari juu ya kamba, katekista anauliza kwa sauti, "Nani atashuka?" Kisha mtu mmoja anavua viatu, anaingia chini, analipokea jeneza kwa mikono, analilaza sawa, anazitoa kamba. Akimaliza hapandi mwenyewe. Anainua mikono juu, na wafiwa ndio wanaomvuta.

Kushuka huko si kazi ya mikono tu. Anayeshuka amejifunga. Watoto wa marehemu wanakuwa watoto wake, shamba la marehemu likipata nyasi ni aibu yake, mjane akikosa paa ni yeye anayeulizwa. Kwa hiyo kwa kawaida ni kaka, au mtoto wa kiume, au binamu. Mwanamke hashuki. Nilimuuliza Gaspare sababu, akasema wazee wanajua, maana yake hajui.

Kanuni zake mbili za mazikoni alinipa siku hiyohiyo tukirudi. Ya kwanza, uliza mara moja, kisha nyamaza. Usitaje jina la mtu, usimwangalie mtu machoni, usikohoe kwa makusudi. Ya pili, katekista hashuki. Hata kama kimya kinakukata tumbo.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wewe ukishuka kila mara, wao watakuwa ndugu wa nani?"

Jamani, nilimkumbuka mzee huyu hata siku ile nikifunga godoro. Alikuwa mkali kuhusu mambo madogo na mpole kuhusu makubwa. Darasa lake la ubatizo hakulifanyia ndani ya kanisa. Alilifanyia kwenye mteremko wa kwenda kisimani. Tulianzia juu kanisani, na kila hadithi ya Maandiko tukashuka hatua kadhaa, mpaka somo linakwisha tuko kwenye maji na akina mama wanatutaka tusogee. Na hadithi alizozipenda zilikuwa za watu wanaoshuka. Yule tajiri mfupi mtoza ushuru aliyeambiwa ateremke mtini kwa sababu ana mgeni chakula cha mchana. Yule aliyepooza ambaye rafiki zake walitoboa paa la watu wakamshusha kwa kamba. Yule nabii aliyetumwa mashariki, akashuka bandarini, akashuka ndani ya jahazi mpaka chini kabisa, akalala, na bado akashuka zaidi ndani ya samaki.

"Angalieni sana," Gaspare alikuwa akisema, akiinua fimbo yake. "Kuna kushuka kwa kukimbia na kushuka kwa kumfuata mtu. Nabii huyu alishuka kwa kukimbia, ndiyo maana kila mahali alikuwa peke yake. Lakini wale wa paa walishusha mtu, na aliyekuwa chini akampokea. Ukisoma jambo lolote la kushuka, kwanza uliza, huko chini kuna nani?"

Kuhusu kuzimu nilimuuliza mimi mwenyewe, Ezati, kama ulivyoniuliza. Akasema nitajibiwa na kazi. Nilikasirika. Nilitaka jibu la kuandika kwenye ubao.

Alhamisi Kuu ndiyo ilikuwa inamchosha roho. Padri anapowaosha watu miguu, kukumbuka Bwana alivyojifunga kitambaa akainama, waliochaguliwa Lobule walikuwa wanakuja wamekwisha kujiosha nyumbani. Wamesugua visigino kwa jiwe, wamepaka mafuta mpaka miguu inateleza kwenye beseni. Wengine soksi mpya. Mwaka mmoja Gaspare akawasimamisha mlangoni, akawaamuru waende shamba la kanisa, kila mtu alime tuta la mihogo, ndipo warudi waketi.

"Mwalimu, tutamchafulia padri maji!" wakalia.

"Maji ni ya kazi gani?"

Wakalima wakinung'unika. Nilicheka mpaka Gaspare akanitazama, kisha akanipa jembe na mimi.

Katika darasa langu la kwanza la peke yangu nilimpata Lomoro. Lazima mumjue Lomoro. Alikuwa mwanajeshi zamani, amestaafu, analima simsim, yaani ufuta, na karanga hapo Lobule, mtu mrefu mwenye sauti ya gwaride. Buti zake za jeshi alizipiga rangi kila asubuhi na alizivaa hata shambani, kamba zimepita kwenye matundu yote mpaka juu, zimezungushwa mguuni. Watoto walikuwa wakisikia buti wanaacha kupiga kelele. Alikuja kutaka ubatizo uzeeni, akakubali yote, mpaka tulipofika kwa yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma, aliyeambiwa ashuke akajichovye kwenye mto mdogo wa watu wengine.

Lomoro akasimama. "Mwalimu, mimi nakubali yote. Bikira nakubali, samaki nakubali. Lakini jemadari mzima avue nguo mbele ya makoplo? Aingie kwa maji kama bata? Hapana. Hii iko jeshi gani?"

"Alipona, Mzee."

"Apone kwa hema yake! Daktari amfuate!"

Darasa likavunjika kwa kicheko, na mimi pia. Nilimbatizisha hivyohivyo. Padri alimmwagia maji kichwani, akainamisha shingo kidogo sana, kama mtu anayepita mlango wa jirani asiyempenda.

Gaspare alifariki baada ya miaka mingi, na pale kaburini nilipouliza nani atashuka, watu walisukumana. Wanaume wazima walivua viatu mpaka vikachanganyika, na jioni mtu akaenda nyumbani na kiatu kisicho chake. Nililia na kucheka kwa pamoja.

Kisha vita vya ng'ambo vikawaleta ndugu zetu wa Sudan Kusini. Walivuka mpaka wa Kaya wakaingia Oraba, na magodoro vichwani, mbuzi, kuku, wagonjwa kwenye mikokoteni. Wengi walikuwa Wakristo, wanajua nyimbo zetu, kanisa likajaa mpaka nje. Kati yao alikuwamo Lado na mkewe, tuliyemwita Mama Poni kwa jina la binti yao mkubwa. Na nani alimpa Lado kipande cha kulima? Lomoro. Alimpimia kwa hatua za buti, akamwonyesha mpaka, akampa na mbegu za simsim. Walikuwa wanakaa pamoja jioni wakibishana habari za majeshi. Nilipenda kuwapitia.

Mbuzi ndio walioharibu. Mbuzi wa Lado walikata kamba, wakaingia simsim ya Lomoro ikiwa imetoa maua, wakala upande mzima. Lado akaenda kuomba radhi, akamkuta Lomoro tayari ana hasira, maneno yakazaa maneno. Lado akasema mtu anayetoa ardhi kisha anaihesabu kila siku hakuitoa. Neno hilo lilimchoma Lomoro. Jumapili, watu wakitoka kanisani, akasimama nje akatangaza kwa sauti yake ya gwaride, "Mimi Lomoro, buti yangu haitakanyaga tena udongo ya Lado. Akiwa mzima, akiwa amekufa, haitakanyaga!"

Nilikwenda kwake mara nyingi. Alinipa chai, alinipa karanga, akanikatalia. Hivyo ndivyo walivyokaa, nyumba kwa nyumba, bila salamu, mpaka Lado akashikwa na homa, akapelekwa zahanati, akarudishwa akiwa amefunikwa.

Ndugu wa Lado walikuwa upande wa pili wa mpaka na simu zao hazikupatikana. Joto lilikuwa kali na mwili haukuweza kusubiri. Tukachimba pale pembeni ya shamba lake, kwenye kile kipande alichopimiwa. Watu walikuja wengi, wenyeji na wakimbizi. Lomoro naye alikuja, lakini alisimama barabarani na baiskeli yake, upande wake wa mpaka, kofia mkononi.

Nikauliza, "Nani atashuka?"

Kimya.

Siwalaumu watu. Kila mkimbizi pale alikuwa na mzigo wa watoto wake, na wa marehemu wengine aliowachukua njiani. Wenyeji nao walikuwa wanajua kushuka ni kujifunga. Waliangalia chini, waliangalia majembe. Waliobeba jeneza wakaanza kubadilishana mikono. Mtu mmoja akanong'ona tulishushe kwa kamba tu, liende lenyewe.

"Kama gunia?" akasema Mama Poni. Hakupaza sauti. "Mume yangu ataingia kama gunia ya chumvi?"

Akavua ndala zake, akajifunga kitenge kiunoni vizuri, akasogea ukingoni. Wanawake na wazee wawili wakamshika mikono. "Hapana, Mama Poni, hapana, mwanamke hashuki." Alivutana nao. Poni, bintiye, akaanza kulia kwa sauti ambayo bado naisikia.

Na mimi je? Nilikuwa nimekwisha kukanyaga kisigino cha kiatu changu kimoja kwa kidole cha mguu mwingine. Mguu nusu nje. Namwona Gaspare mbele yangu na fimbo yake. Nilisema moyoni, Bwana, kama ni kazi yako hii, basi ifanye, maana mimi nashindwa kunyamaza.

Ndipo nikasikia baiskeli imelazwa chini barabarani.

Lomoro alikuja polepole mpaka kwenye mpaka wa shamba, akasimama. Aliapa kwamba buti yake haitakanyaga, na wote tulikuwepo alipoapa. Basi akaketi palepale chini, kwenye majani, mtu mzima yule, akaanza kufungua kamba za buti. Kamba zilikuwa ndefu, mafundo yamekaza. Hakuna aliyemsaidia. Tulimngoja jemadari avue mbele ya makoplo. Buti moja. Buti ya pili. Soksi zilikuwa na matundu, jambo ambalo hakuna mtu Lobule aliyelijua. Akazivua nazo, akavuka mpaka peku, akanipita bila kunitazama, akashuka.

Kutoka pale niliposimama niliona mikono yake tu, imeinuliwa kutoka chini, inangoja. Jeneza likashuka juu ya mikono ile. Tukamsikia anamwambia Lado kitu, kwa Kikakwa, taratibu. Sijui alisema nini na sikumuuliza kamwe. Akazitoa kamba, akatupa ncha juu, kisha akainua tena mikono ili avutwe.

Mama Poni alijitoa mikononi mwa waliomshika. Yeye na Poni walipiga magoti ukingoni, wakamshika Lomoro mkono huku na mkono huku, wakamvuta. Alikuwa mzito. Alitoka ana udongo kwenye nywele, uso umelowa, na hakujifuta. Mama Poni akampangusa kwa ncha ya kitenge chake.

Jioni nilipokwenda kumpa pole Mama Poni nilimkuta ameketi juu ya mkeka, ametulia ajabu. Nikamuuliza yu hali gani.

"Mwalimu, mimi iko sawa," akaniambia. "Nilikuwa naogopa Lado atafika huko chini peke yake. Lakini amekuta mutu."

Ezati, andika hilo kwenye ubao. Aliyeshushwa amekuta mtu. Mimi nilisoma mafunzo, nikafundisha miaka yote ile, na jibu nilipewa na mjane ameketi juu ya mkeka. Bwana alishuka kuzimu ili yeyote atakayeshushwa huko amkute. Gaspare aliponiambia nitajibiwa na kazi, nadhani naye alijibiwa kaburini kwa mtu, akaona haya kunielezea.

Lomoro alijifunga kweli. Alipaua nyumba ya Mama Poni, alilipa ugomvi wa mbuzi kwa kujenga zizi yeye mwenyewe, akimtukana marehemu Lado kwa upendo kila alipopigilia msumari. Poni alipoolewa ni yeye aliyesimama kama baba, na buti zinang'aa.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa nafunga godoro. Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa watoto. Yeye alizikwa kwao Arua, kaka zake wakashuka. Nilipostaafu nilianza kuwaza jambo moja, na sikumwambia mtu. Siku yangu ikifika hapa Lobule, katekista atauliza, na kimya kile nitakipata mimi. Nimesikia kimya hicho mara moja, kinatosha. Nilikuwa naogopa, naandika wazi. Arua wapo watoto wa marehemu kaka yangu, wananijua kwa jina na kwa picha, lakini ni damu, hawana budi. Basi nikaamua kuiacha nchi ninayoipenda niende nikazeeke kwa wasionijua, ili siku moja mtu alazimike kuvua viatu.

Kanisani waliniaga kwa wali, mbuzi na hotuba. Hotuba zilikuwa ndefu kuliko mbuzi. Nilipewa kiti cha plastiki cha rangi ya bluu. Nilishukuru, nikasema gari limefika, nikasimama.

"Keti," akasema Lomoro. Sasa ni mzee hasa, anatembea kwa fimbo, lakini sauti ile bado iko. "Mwalimu, miaka yote wewe unauliza sisi. Leo mimi nauliza." Akawageukia watu. "Nani atashuka kwa Mwalimu?"

"Mzee Lomoro!" nikaruka. "Mimi niko hai, bwana! Bado nina wali mdomoni!"

"Nyamaza. Mutu anauliza mara moja, kisha ananyamaza. Ni wewe ulitufundisha."

Watu wakacheka. Wakacheka sana, kisha kicheko kikaisha, na kile kimya kikaja. Nilikijua. Nilitazama kiti changu cha bluu. Sikuweza kumwangalia mtu machoni, na safari hii haikuwa kwa sababu ya kanuni ya Gaspare.

Nikasikia ndala zinavuliwa.

Mama Poni alikuwa amesimama katikati ya kanisa, peku, anajifunga kitenge kiunoni vizuri kama siku ile. "Siku ya Lado mulinishika mikono," akasema. "Leo iko nani ya kunishika?"

Akazungusha macho. Mzee mmoja wa baraza alikohoa, akaangalia dari, akagundua dari ina mambo mengi ya kutazama. Hakuna aliyenyanyuka.

"Haya," akasema Lomoro, akigonga fimbo sakafuni. "Mimi magoti imekwisha. Lakini mikono iko. Mimi nitamuvuta."

Nikainuka kwenye kiti changu cha bluu. Nikapita katikati yao mpaka nje. Dereva alikuwa amewasha injini, mguu mmoja ndani, analalamika kwamba mvua itamkuta njiani kabla ya Arua.

"Tuende, Mwalimu?"

Nikamwambia ashushe godoro.